Majira Yafaayo Kuzuru Kilimambogo

Watu wa Thika na Ruiru wana mbuga karibu nao: Kilimambogo, yaani Ol Donyo Sabuk, mlima wa mita 2,145 uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1967. Karibu nao mto Athi waanguka katika maporomoko ya Fourteen Falls.

Mgeni na apime majira kabla ya safari. Januari na Februari ni jua. Asubuhi isiyo na mawingu, aliye kileleni aweza kuuona Mlima Kenya. Machi hata Mei ni masika: njia huteleza, na mto hufurika. Wakati huo maporomoko hupendeza mno, nayo huwa ya hatari mno. Masika ya 2024 mafuriko yaliua watu zaidi ya 200 nchini Kenya. Juni hata Septemba ni baridi na mvua haba, kisha vuli huanza Oktoba.

Mito ya Nairobi na Ruiru humwaga maji yake katika Athi. Basi mvua ikinyesha huko, mto waweza kujaa hapa penye jua. Mwenye watoto na achague kiangazi; apendaye maji mengi na ayatazame kwa mbali.