Msalaba wa Vijiti vya Chai

 

Asubuhi hii ninalo jambo la kuungama. Katika kambi moja ya wachuma chai kulikuwa na mama ambaye, mashamba yalipopogolewa, alichukua vijiti viwili katika zile kuni, akavifunga kwa uzi, akatundika msalaba ukutani juu ya kitanda. Mwanawe alikuwa amekwenda Nairobi na hakuleta habari tena. Kila alfajiri, kabla ya kuchukua kikapu chake, mama huyo alisimama pale akamtaja kijana mbele za Mungu. Mimi nilifika kutembelea washirika, nikauona, nikasema, "Mama, hiyo ni sanamu. Sisi si watu wa sanamu." Akautoa bila neno. Aliutia motoni, na chai niliyokunywa jioni ile ilichemka juu yake.

Baada ya miezi kadhaa aliniambia, "Mchungaji, tangu siku ile siwezi kuomba. Nikifumba macho, sina pa kusimama."

Ndugu zangu, mafundisho yale sikuyazua mimi. Misheni ya Lumbwa ilianzishwa mwaka 1905 na Willis Hotchkiss, mtu wa Kanisa la Marafiki, na Marafiki hawakuwa na desturi ya kutundika misalaba. Tena wazee wetu Wakipsigis walikuwa na mabwaita, matawi yaliyosimikwa nje ya nyumba, na hapo jamaa waliomba wakielekea mashariki. Wengi walipomwamini Kristo waliyang'oa, wala haikuwa kazi nyepesi. Ndiyo maana tuliolelewa na watu hao tunashtuka tukiona kijiti chochote kimewekwa mahali pa maombi.

Lakini someni 2 Wafalme 18. Mfalme Hezekia aliivunja nyoka ya shaba ya Musa kwa sababu watu walikuwa wakiifukizia uvumba. Hapo kwanza, kule jangwani, aliyeumwa aliitazama akapona, na hakuna aliyemkemea. Na katika Yoshua 4, yale mawe 12 ya Yordani yaliwekwa makusudi ili watoto waulize maana yake. Waulize! Mimi sikumwuliza mama yule hata swali moja. Ningalimwuliza, angaliniambia alivyoniambia baadaye: kwamba hakukiomba kijiti, bali kilimkumbusha kuwa yuko Baba mwingine ajuaye uchungu wa mwana.

Bwana alituagiza tuingie chumbani na kufunga mlango. Mwenye chumba kimoja, na watoto watano wamelala humo, afunge mlango upi? Sharti ajipatie pembe yake. Wengine pembe yao ni mstari wa chai kabla ya jua kupanda, mikono ikichuma na midomo ikinong'ona. Yeye alijipatia ukuta, nami nikamnyang'anya.

Sisemi kila msalaba ni mwema. Yuko avaaye msalaba shingoni kama hirizi, au auchomekaye shambani ili mvua ya mawe ipite kwa jirani. Huyo nitamwambia kama zamani, tena kwa sauti.

Nilirudi kambini kumwomba mama yule radhi. Alicheka kidogo, akasema shamba lile halitapogolewa tena mpaka miaka mitatu ipite. Nikatoka nje, nikaokota vijiti kando ya njia, nikampa, na uzi akautafuta mwenyewe. Tukapiga magoti, tukamtaja kijana kwa jina lake. Hadi leo habari zake hazijafika, nasi bado tunamtaja.

Tuombe. Ee Baba uonaye sirini, wasikie wote waliosimama alfajiri hii kando ya vitanda vyao na katikati ya chai. Nao tuliowanyamazisha, uwafungue vinywa. Kwa jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.