Mazungumzo Baada ya Habari: Diwani na Dhamana Yake Rubavu

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei, 2023, mvua kubwa ilinyesha katika milima ya magharibi ya Rwanda. Mto Sebeya, unaoingia Ziwa Kivu karibu na mji wa Gisenyi, ulifurika na kubomoa nyumba za watu waliokuwa wamelala. Nchini kote watu zaidi ya 130 walipoteza maisha. Tarehe 6 Mei, Baraza la Wilaya ya Rubavu lilimwondoa madarakani Meya wa Wilaya, Bwana Ildephonse Kambogo, kwa kutotimiza wajibu wake ipasavyo.

Askari hupewa cheo na wakubwa wake, na wao ndio humvua. Meya wa Rwanda sivyo. Yeye ni diwani kwanza. Huchaguliwa kuingia Barazani, ndipo achaguliwe kuiongoza wilaya kwa miaka 5. Bwana Kambogo alichaguliwa Novemba 2021, na waliomwondoa ni madiwani wenzake.

Watakuwapo wasemao kwamba meya haleti mvua. Ni kweli. Lakini Sebeya ulikwisha kufurika mara nyingi kabla ya hapo, na kuwahamisha watu mapema ni kazi ya uongozi, si ya mawingu. Hata hivyo, Baraza hilo hilo ndilo lipitishalo bajeti ya wilaya na kusimamia kazi za meya. Kwa hiyo madiwani nao wana swali la kujibu: kabla ya usiku ule, walimwuliza nini juu ya Sebeya?