Banda la Kuku Lianze na Jua

Msikilizaji, kule Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, ipo nyumba ya tembe alimokaa mvumbuzi Livingstone mwaka 1872, enzi za misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Kuta nene za udongo hupunguza joto, na vyumba vimezunguka ua. Mafundi wa tembe waliijua hali ya hewa ya eneo hilo la Unyanyembe.

Leo, tofauti na mafundi hao, wengi wanaojenga banda la kuku uani huanza na mabati yaliyobaki. Nawasihi tuanze na jua. Banda liwe la mstatili, urefu wake uelekee mashariki na magharibi, ili jua kali la Oktoba lisipenye kwenye kuta ndefu. Kuta hizo ziwe za tofali hadi usawa wa magoti. Juu yake wavu wa matundu madogo, hewa ipite na kicheche asipite. Paa litokeze nje, mvua zinazoanza Novemba zisilowanishe maranda ya sakafuni. Ndani, mita moja ya mraba itoshe kuku watano, na ziwepo fito za kulalia. Kimo kimruhusu mtu mzima kusimama, kwani banda la kuingia kwa kutambaa halifagiliwi.

Hata hivyo, banda zuri halizuii ugonjwa wa mdondo. Chanjo itolewe kila baada ya miezi mitatu.

Kwa kaya nyingi, kuku ndiye daftari la mtoto na nauli ya hospitali. Anastahili nyumba iliyofikiriwa kabla ya msumari wa kwanza.