Oili Inavuja, na Injini Ni Mpya
(Mazungumzo yaliyotolewa redioni)

Leo nataka tuzungumze juu ya tone la oili. Tone lenyewe ni dogo, lakini nimeliona likikaribia kuvunja urafiki wa watu wawili ambao kila Jumapili walikuwa wakiketi benchi moja.

Injini nyingi mnazozijua zina pistoni zinazopanda na kushuka. Lakini iko injini ya namna nyingine, ambayo ndani yake hamna pistoni wala valvu. Badala yake mna rota, nayo ni kipande cha chuma chenye pembe tatu, mfano wa sambusa iliyonona, kinachozunguka ndani ya nyumba yake. Aliyeivumbua ni Mjerumani, Felix Wankel, na injini ya kwanza ya majaribio iliunguruma katika kampuni ya NSU mwaka wa 1957. Watu wa Mazda, kule Hiroshima nchini Japani, wakaichukua kazi hiyo, na mwaka wa 1967 wakaanza kuuza motokaa yao ya kwanza ya rota, Cosmo Sport. Baadaye ikaja RX-7, iliyotengenezwa tangu 1978 hata 2002. Hiyo ndiyo motokaa ya habari yetu.

Injini ya RX-7 imepangwa kama mkate uliokatwa vipande. Kuna sahani nene ya chuma, kisha nyumba ya rota, kisha sahani, kisha nyumba ya pili, kisha sahani ya mwisho. Vipande hivyo vitano vimebanwa pamoja kwa bolti ndefu. Haina gasketi ya kichwa, kwa kuwa kichwa chenyewe hakuna. Kwa hiyo mahali pa kuvujia oili ni pachache. Shida ni kwamba mahali karibu pote pa upande wa nyuma hutoa tone lake pale pale chini, kwenye maungio ya injini na giaboksi.

Basi, kijana mmoja alikuwa na RX-7 ya miaka ya 1980. Aliweka akiba muda mrefu, akampa fundi rafiki yake injini aijenge upya. Fundi akaifungua yote, akatia sili mpya, akaifunga. Gari likanguruma vizuri. Jumapili ya pili likaacha doa jeusi katika uwanja wa kanisa, na watu wakaliona. Jumatatu klachi ikaanza kuteleza. Kijana akataka arudishiwe fedha zote, na wengine wakamshauri amshtaki fundi kwa wazee. Fundi naye akasema kazi yake haina dosari. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa ameingia chini ya gari kutazama!

Waliponiita, niliomba kwanza maneno yanyamaze hata tujue oili inatoka wapi. Maana, msikilizaji mpendwa, kama inatoka juu kwenye kikalio cha filta, dawa yake ni pete mbili ndogo za mpira, na kazi inakwisha kabla ya chakula cha mchana. Kama inatoka kati ya sahani na nyumba ya rota, hapo injini yote itafunguliwa tena. Na yule aliye chini akitazama tone peke yake hawezi kuzitenga habari hizo mbili.

Tena kuna matone yasiyo na hatia. Anayejenga injini ya rota hushikiza sili na pete nyingi kwa vaselini ili zisianguke wakati wa kufunga. Injini ikipata moto mara ya kwanza, vaselini iliyobaki nje huyeyuka na kudondoka, pamoja na oili iliyomwagika mezani. Kwa hiyo siku ya kwanza usimhukumu mtu. Osha injini ikiwa baridi, kwa sabuni na maji wala si kwa petroli, uikaushe kabisa, kisha unyunyize poda ya mtoto pande zote. Washa mpaka ipate moto. Poda nyeupe ikilowa, tafuta mahali pa juu kabisa palipolowa, kwa kuwa oili hushuka, na gari likienda upepo huisukuma nyuma.

Tulifanya hivyo. Kikalio cha filta kilikuwa kikavu. Maungio ya sahani yalikuwa makavu, hata pale karibu na ile pini nene yenye tundu ambayo oili hupita ndani yake kwa nguvu. Pini hiyo ina pete yake ya mpira, na ikisahauliwa au ikikatika wakati wa kufunga, oili hutokeza jasho kati ya vipande. Hapo fundi akashusha pumzi. Tukanusa tone lenyewe. Oili ya giaboksi ina harufu kali ambayo ukiijua huisahau, na hii haikuwa nayo. Ilikuwa oili ya injini.

Basi giaboksi ikashushwa, na klachi ikatolewa. Sasa nisikilizeni vizuri, ninyi mafundi, maana hapa ndipo wengi hupoteza fedha za watu. Oili ikiwa nyuma ya flaiwili, upande wa injini, mshuku sili kubwa ya nyuma, au pete ya mpira iliyozunguka gia isiyozunguka, ile iliyofungwa kwenye sahani ya nyuma. Lakini oili ikiwa upande wa klachi, ikitoka katikati na kutawanyika kama miali ya jua, sili haina kosa. Imetoka chini ya nati.

Sababu ni hii. Sili ya nyuma hushika shingo ya flaiwili yenyewe. Flaiwili nayo imekaa kwenye ncha ya shafti, ikizuiwa na kipande kidogo cha chuma kilicholala katika kijimfereji. Oili iliyo ndani hufuata kijimfereji hicho, ikaipita sili kwa ndani, ikatokea kwenye nati. Kwa ajili hiyo nati hiyo, ambayo ina upana wa milimita 54, hupakwa dawa ya kuzibia kwenye uso unaogusa flaiwili.

Yetu ilikuwa imefungwa kavu. Fundi aliitazama, akanyamaza, kisha akasema, "Ni mimi." Kijana alikuwa amekuja na maneno mengi ya asubuhi ile, lakini hakuyatoa. Fundi akakubali kazi yake iwe bure, kijana akanunua sili mpya na sahani ya klachi, kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa imelowa. Sili ile haikuwa na neno, lakini ukishafika huko ndani ni afadhali kuibadili, na kukagua shingo ya flaiwili kwa ukucha kama ina mkwaruzo.

Nati ikasafishwa, ikapakwa, ikakazwa kwa nguvu ambayo kitabu cha mtengenezaji hudai: ni kama kilo 40 hadi 50 zikining'inia mwisho wa bomba la mita moja. Dawa ikaachwa usiku mzima ikauke.

Neno moja juu ya silikoni ya kufungia sampu. Uzi mwembamba kwenye chuma kikavu unatosha. Wako wanaoipaka kama siagi, na ile inayozidi hukatika ndani na kuziba chujio la pampu.

Na wewe mwenye gari la namna hii, usishtuke ukiona oili inapungua na chini ya gari ni kukavu. Injini ya rota imepewa pampu ndogo inayotia oili kidogo ndani iungue pamoja na petroli, ili ncha za rota zisisagike. Pima kila unapotia petroli, na uwe na kopo moja kwenye buti.

Kwaherini mpaka juma lijalo.