Awamu na Ujirani: Istilahi za Kiswahili Mbele ya Holografia ya Eksirei

Mijadala ya istilahi za sayansi aghalabu huishia kwenye orodha: safu moja ya maneno ya kigeni, safu ya pili ya visawe vyake. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, ilikuwa kazi kubwa na ya lazima. Hata hivyo, kisawe hakijapimwa hadi kitumike kueleza jambo zima, tangu chanzo hadi matokeo. Mhadhara huu unachukua jambo moja, yaani holografia ya eksirei, na kupima ndani yake maneno mawili.

Mwaka 1912, kutokana na wazo la Max von Laue, eksirei zilipitishwa mjini Munich katika fuwele ya salfeti ya shaba. Bamba la picha lililowekwa nyuma yake likapata madoa yaliyopangika. Fuwele ni mango ambayo atomi zake zimejipanga kwa safu zinazojirudia. Chumvi na sukari ni mifano iliyomo katika kila jiko. Kutokana na madoa ya aina hiyo, William Bragg na mwanawe Lawrence walianza kukokotoa mpangilio wa atomi. Lakini bamba hurekodi ukali wa mionzi tu. Halisemi kama wimbi, lilipofika, lilikuwa kileleni au bondeni. Hapo ndipo linapohitajika neno awamu.

Msomaji wa magazeti analijua neno hili kwa awamu za uongozi na awamu za ujenzi wa barabara. Mtu anaweza kudai kuwa mazoea hayo yatamchanganya mwanafunzi wa fizikia, na kwamba afadhali kutohoa na kusema “fezi”. Dai hilo ni dhaifu. Awamu ni sehemu ya mwendo ambao mwanzo na mwisho wake unajulikana. Awamu ya wimbi nayo ni mahali lilipofikia katika mzunguko wake, kutoka kilele hadi bonde na kurejea kileleni. Maana ya mtaani humbeba mwanafunzi nusu ya njia. “Fezi” humwacha pale pale alipokuwa.

Dennis Gabor, mzaliwa wa Budapest aliyekuwa akifanya kazi mjini Rugby, Uingereza, alichapisha mwaka 1948 njia ya kuinusuru awamu, akiwa na nia ya kuboresha hadubini ya elektroni. Wimbi lililogonga kitu huachwa likutane na wimbi la rejea, lisilogonga chochote. Kilele kikikutana na kilele, ukali huzidi. Kikikutana na bonde, hufifia. Kwa hiyo ukali wenyewe unabeba habari ya awamu. Rekodi hiyo ndiyo hologramu, na kuiita picha ni kupoteza tofauti yote hiyo. Gabor alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1971.

Kwa upande wa eksirei, kikwazo kilikuwa taa. Ili atomi moja moja ibainike, wimbi la rejea hapana budi litoke mahali padogo kama atomi yenyewe. Mwaka 1986 Abraham Szöke alipendekeza kwamba taa iwe atomi iliyomo ndani ya fuwele. Miaka kumi baadaye, Miklós Tegze na Gyula Faigel, nao wa Budapest, walichapisha taswira waliyoipata kwa fuwele ya strontiamu titaneti. Atomi za strontiamu zikichochewa na eksirei za nje, hutoa eksirei zake zenyewe. Sehemu ya wimbi huenda moja kwa moja hadi kwenye kigunduzi. Sehemu nyingine huzigonga kwanza atomi jirani. Ukali hubadilika kwa takribani sehemu moja katika elfu tu, hivyo kila upande huhitaji kuhesabiwa fotoni zipatazo milioni moja au zaidi.

Tena hologramu moja huzaa taswira mbili, ya kweli na pacha wake. Mwaka huohuo wa 1996 Thomas Gog na wenzake waligeuza njia: atomi ikawa kigunduzi badala ya taa. Kwa njia hiyo, eksirei za urefumawimbi tofauti zaweza kutumiwa, na zikijumlishwa pacha hufifia. Kufikia mwaka 2000 hata atomi nyepesi za oksijeni ndani ya nikeli oksidi zilikuwa zimeonekana.

Linabaki neno la pili. Kinachoonyeshwa aghalabu kingeitwa “muundo mahalia”, na kivumishi hicho kinapotosha kidogo, kwa kuwa humfanya msikilizaji afikirie mahali pamoja ndani ya fuwele. Hologramu haitoki mahali pamoja. Kama zinki kidogo imechanganywa katika galiamu asenidi, atomi zote za zinki hutoa ishara kwa pamoja, na taswira ni wastani wa majirani wa kila mojawapo, kana kwamba zote zimewekwa katika kitovu kimoja. Atomi ya zinki isiyokaa mahali pake huitia ukungu taswira hiyo. “Muundo wa ujirani” unalisema jambo hili kwa usahihi zaidi, maana ujirani huanza na mwenye nyumba, popote nyumba ilipo.