Pesa Ndogo ya Halali: Mazungumzo na Wanafunzi wa Majengo, Songea

 

Najua mnajiuliza: mtu wa afya amekuja, mbona hakubeba picha za mbu wala hajataja kipindupindu? Leo tunaongea habari ya pesa. Sisemi pesa ya kununua gari. Nasema ile pesa ndogo ya sabuni, daftari, kalamu, wembe, pedi, na nauli siku ya mvua. Hiyo ndogo ndiyo inayowatoa wengi shuleni, na ndiyo inayowaletea wengi magonjwa.

Kwa nini nasema hivyo? Ada ya shule za serikali iliondolewa Kidato cha Kwanza hadi cha Nne mwaka 2016, na Kidato cha Tano na cha Sita mwaka 2022. Jambo jema sana. Lakini sabuni haikuondolewa! Hata pedi, zilifutiwa kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2018, mwaka uliofuata kodi ikarudi. Kwa hiyo msichana anakaa nyumbani siku nne, anaona aibu kumwambia baba. Hapo ndipo anapotokea bwana mmoja mwenye pikipiki au duka. "Mdogo wangu, mbona mnyonge? Shika hii, nunua soda." Mnawaita mabuzi, mashuga dadi, mafataki. Jina lolote, kazi yao ni moja. Leo soda, kesho chipsi, keshokutwa anadai "shukrani". Na mtu anayedaiwa anashindwa kusema "tumia kondomu", anashindwa hata kusema "hapana". Hivyo ndivyo UKIMWI na mimba zinavyoingia kwa mlango wa shilingi elfu mbili.

Wavulana msicheke. Nanyi mna mitego yenu. Kuna shuga mami. Kuna kubeti, unaweka pesa ya daftari ukingoja timu ya Ulaya ikutajirishe. Na kuna ndoto ya machimbo. Katikati ya miaka ya 1990 watu wengi walikimbilia vito vya Tunduru, hapa hapa mkoani kwetu, na mpaka leo kijana akikosa viatu anaanza kuota shimo. Sheria yetu ya kazi ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mgodini aliye chini ya miaka 18, na haikuandikwa kwa kukuonea.

Ninachotaka kukuambia ni kimoja: ukiwa na shilingi yako ya halali, hata ndogo, neno lako "hapana" linapata nguvu.

Maswali matatu kabla ya kuanza

Kabla hujashika kazi yoyote jiulize. Je, naweza kuitaja mbele ya mama yangu bila kuinamisha kichwa? Je, inaniacha na saa za shule na za kujisomea? Je, mwili wangu utabaki salama? Jibu likiwa "hapana" kwa swali hata moja, achana nayo. Sheria yenyewe inasema hivyo: kuanzia miaka 14 unaruhusiwa kazi nyepesi, ile isiyoharibu afya wala kukuzuia kwenda shule.

Sasa tazama mwaka wetu wa Songea. Mvua zinaanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili. Mavuno ya mahindi ni katikati ya mwaka. Likizo ndefu ni Juni na Desemba. Mwenye akili anapanga shughuli yake kwa kalenda hiyo. Chagua moja tu kati ya hizi, usirukie zote.

Kwanza: kuku wa kienyeji

Tetea mmoja anataga mayai kama kumi na mawili, anaatamia siku 21, anatotoa. Tatizo liko hapa: tukiwaacha wajitafutie wenyewe, wengi wanaliwa na mwewe, wanakufa kwa baridi, au wanafagiliwa na mdondo. Vifaranga wa mwezi wa tano wako tayari kuuzwa Krismasi, wakati kila nyumba inatafuta kuku. Ila lazima uwalinde na baridi ya Juni na Julai. Usiku wafunike kwa tenga mahali pakavu, mchana wape chenga za mahindi na maji safi.

Mdondo hauna dawa, una chanjo. Ile inayoitwa I-2 ni tone moja kwenye jicho la kuku, na inarudiwa kila miezi mitatu. Inastahimili joto kuliko chanjo nyingine, lakini usiianike juani. Kichupa kimoja kinatosha kuku wengi kuliko wako, kwa hiyo mtaa mzima mnaweza kuchangia. Na hapo kuna kazi nyingine! Mwombe afisa mifugo wa kata akufundishe kuchanja. Jumamosi moja kila miezi mitatu unapita kwa majirani, kila kuku anayechanjwa mwenyewe anatoa kiasi kidogo mlichokubaliana. Kuku aliyekwisha kuugua usimchanje ukachukua pesa, chanjo haiponyi. Uaminifu ndio mtaji wako.

Tuseme wamekua kuku sita. Mmoja jike unabakiza, watano unauza. Tuseme kila mmoja shilingi 15,000, bei ya mfano tu: hiyo ni 75,000. Ondoa chanjo na chenga. Si utajiri, lakini piga hesabu ni madaftari mangapi na pakiti ngapi za pedi. Na ukishawashika kuku, nawa mikono kwa sabuni. Hilo nimelipenyeza, mimi ni mtu wa afya.

Pili: debe la mahindi

Ruvuma tunalima mahindi mpaka tunalisha mikoa mingine. Wakati wa mavuno debe linashuka bei, mwezi wa kwanza na wa pili mara nyingi linapanda. Ukipata madebe mawili au matatu, kwa kununua au kwa kulipwa mahindi baada ya kusaidia kupukuchua wakati wa likizo, usiyauze siku hiyo hiyo. Yahifadhi.

Lakini yahifadhi makavu. Hapa pana jambo la kufa na kupona. Mahindi na karanga zikiwekwa zikiwa na unyevu huota ukungu wenye sumu, tunaiita sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Kuchemsha hakuiondoi. Kipimo chake ni rahisi. Chukua chupa kavu ya kioo, weka mahindi mpaka theluthi yake, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu. Funika, tikisa dakika chache, acha robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, bado yana maji, rudisha juani, juu ya turubai na si juu ya udongo. Isiponata, weka kwenye ule mfuko wa tabaka tatu usiopitisha hewa. Hautaki dawa ya kuua wadudu.

Nikuambie ukweli pia: bei haipandi kila mwaka. Mwaka 2017 serikali ilizuia kusafirisha mahindi nje ya nchi, na wakulima wa Nyanda za Juu Kusini wakaona bei ikiporomoka. Kwa hiyo usikope pesa ya mtu kununua mahindi. Weka yale ambayo hata bei ikigoma, nyumbani mtayala.

Tatu: mboga na miche

"Dada, sisi tunakaa Majengo, nyumba zimebanana, shamba liko wapi?" Shamba ni gunia. Jaza udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, toboa matundu pembeni, panda sukuma wiki. Mwagilia kwa maji uliyooshea mboga au mchele, yasiwe ya sabuni. Mchicha panda kwenye ndoo iliyopasuka. Baada ya wiki tatu au nne unavuna. Fanya hivyo kuanzia mwezi wa saba, kiangazi, mboga zikiwa adimu. Mvua zikianza kila mtu ana majani ya maboga, hutauza kitu.

Miche nayo ni nzuri kwa sababu mbegu unaila na kuitupa. Mbegu za papai zioshe, zikaushe kivulini, sia mwezi wa tisa kwenye makopo yaliyotobolewa chini. Mvua za Desemba zikifika, wenye mashamba wanatafuta cha kupanda, na wewe unacho.

Kazi za kukataa

Usiende kuchuma wala kubeba majani mabichi ya tumbaku. Najua Songea na Namtumbo tumbaku inaleta pesa. Lakini jani likiwa na umande, nikotini inapita kwenye ngozi: kizunguzungu, kutapika, moyo kwenda mbio. Usipulizie dawa ya mazao, hata ukiambiwa "ni nusu saa tu". Usiuze baa. Usitembeze karanga stendi usiku. Na usikate miti ya Matogoro kuchoma mkaa: mlima ule unatunza vyanzo vya maji.

Pesa ikiingia

Iandike. Nunua daftari moja, ukurasa wa kushoto iliyoingia, wa kulia iliyotoka. Kisha igawe mara tatu: ya mahitaji ya shule na mwili, ya kurudisha kwenye kazi, na ya akiba. Akiba iwe kwenye kibubu, au mzazi akufungulie akaunti ya mtoto benki. Usitembee nayo mfukoni ukiwaonyesha rafiki.

Najua mnataka kuuliza

*Sina hata pesa ya kununua tetea mmoja.* Nenda kwa bibi au jirani mwenye kuku. Mwambie: "Nipe tetea nimlee, vifaranga tugawane." Wazee wetu walifuga hivyo. Mkubaliane mbele ya shahidi, na tetea umrudishe.

*Je, nyumbani wakichukua pesa yangu?* Hili ni gumu. Waambie mapema, kabla ya kuanza: "Pesa hii ni ya pedi na madaftari, sitawaomba tena." Mzazi akielewa inampunguzia mzigo, mara nyingi anailinda. Akiwa si wa kuelewa, mtafute shangazi, mjomba au mwalimu wa malezi akutunzie.

*Mimi nimeshapokea zawadi za mtu. Sasa nifanye nini?* Sikiliza vizuri, mdogo wangu. Zawadi si risiti ya kukununulia. Huna deni. Tangu leo usipokee tena, usiende peke yako alipo, mwambie mtu mzima unayemwamini. Kwa sheria ya mwaka 1998 mwanaume anayelala na msichana wa chini ya miaka 18 anahesabiwa amebaka, hata akisema msichana alikubali. Na tangu 2016, anayempa mwanafunzi mimba anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Mwenye kosa ni yeye. Piga simu 116, ni bure, wanasikiliza watoto na vijana. Kama mmeshalala pamoja, nenda kituo cha afya ndani ya saa 72, mapema ni bora zaidi, kuna dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI. Na kama kuna mimba, elimu yako haijaisha: tangu Novemba 2021 unaruhusiwa kurudi shule baada ya kujifungua.

Haya, mimi nimemaliza. Sasa toa kalamu. Andika mwezi huu ni wa ngapi, andika mvua ni lini na likizo ni lini, halafu andika kitu kimoja utakachoanza Jumamosi hii. Kimoja tu. Mwonyeshe mama au mlezi wako leo jioni.