Kutoka Kubeba Boksi Hadi Kuandika Programu: Wahamiaji wa Afrika Mashariki na Biashara za Ughaibuni
Mada kwa semina ya vijana na walimu, Ivuna, Wilaya ya Momba



Mwanaivuna anayejulikana zaidi ughaibuni ni jiwe. Lilianguka kutoka angani tarehe 16 Desemba 1938. Wenzetu wa Mbozi wanajivunia kimondo chao cha tani zaidi ya kumi. Chetu hakikufika hata kilo moja, lakini kimelipa jina kundi zima la vimondo adimu. Vumbi la sayari ndogo Ryugu, lililoletwa duniani na chombo cha Wajapani mwaka 2020, wanasayansi walililinganisha na jiwe hilo. Leo sitazungumzia mawe, bali watu wanaokwenda ughaibuni na kubadili kazi wakishafika, hasa wale wanaoingia katika uandishi wa programu za kompyuta na kufungua kampuni zao.

Nianze na jambo ambalo waliotangulia hawalisemi wakipiga simu nyumbani. Mtu aliyekuwa mwalimu au muuguzi hapa, akifika Uingereza au Marekani, hapokelewi kwa cheo chake. Muuguzi lazima asajiliwe na baraza la huko, mwanasheria afanye mitihani upya, mhandisi apimwe. Kabla hayo hayajakamilika kuna kodi ya nyumba na kuna ndugu wanaosubiri. Ndipo anapoingia kwenye kile Watanzania wa majuu wanachokiita kubeba boksi: ghala, jikoni, usafi, kulea wazee. Wengine hubeba boksi miezi michache, wengine miaka ishirini.

Sasa, kwa nini wengi wao hukimbilia kompyuta? Tunadhani ni kwa sababu ya mshahara, na kweli mshahara upo. Lakini sababu kubwa naiona kwingine. Uandishi wa programu hauna baraza la usajili. Hakuna anayekudai cheti kilichogongwa muhuri Dodoma ndipo akuruhusu kuandika mstari wa kwanza. Unajifunza usiku baada ya zamu, kwa masomo ambayo mengi yako bure kwenye intaneti, kisha unaonyesha ulichokitengeneza. Kwa mtu ambaye vyeti vyake vimewekwa kando, kupimwa kwa kazi ya mikono yake ni nafuu kubwa.

Hata hivyo mlango huo umepungua upana. Mwaka 2022 na 2023 kampuni kubwa za teknolojia za Marekani zilipunguza wafanyakazi kwa maelfu, na tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, kazi ndogondogo alizokuwa akipewa mwanagenzi zinaweza kuandikwa na mashine. Anayewaambia vijana kwamba kozi ya miezi mitatu inatosha kumpatia mtu ajira London anawauzia tiketi ya basi lililokwisha ondoka.

Nimewafuatilia Waafrika Mashariki waliofika mbali katika uwanja huu, na ninaloliona ni kwamba kompyuta haikuwa mtaji wao wa kwanza. Mtaji wao ulikuwa ni kero waliyoijua kuliko wenyeji wa nchi walizohamia.

Mchukueni Ismail Ahmed, mzaliwa wa Hargeisa, Somaliland. Aliondoka kwao mwaka 1988 vita vilipopamba moto, akaenda kusoma London. Alichuma stroberi mashambani Kent ili awatumie jamaa zake fedha. Ni mchumi, si fundi wa kompyuta. Baadaye alifanya kazi Umoja wa Mataifa, Nairobi, katika mambo hayohayo ya fedha zinazotumwa na wahamiaji, hadi akaingia kwenye mgogoro na mwajiri wake kwa kuibua tuhuma za ufisadi. Fidia aliyolipwa, takriban pauni 200,000, ndiyo aliyoanzia kampuni ya WorldRemit mwaka 2010.

Hapa naomba tusimame kidogo, maana ndipo penye somo. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, Marekani ilizifungia ofisi za Al Barakaat, kampuni iliyokuwa ikipeleka fedha za Wasomali wengi. Tangu hapo, benki za Ulaya na Marekani ziliwatazama mawakala wadogo wa kutuma fedha kwa jicho la mashaka, kwa hofu ya fedha haramu. Ismail alikuwa amewafundisha mawakala hao namna ya kufuata sheria, kwa hiyo alijua kidonda kiko wapi: noti. Noti haina kumbukumbu. Akaamua kampuni yake isipokee noti hata moja. Mtumaji alipe kwa kadi au kutoka benki, na mpokeaji, panapowezekana, apokee kwenye simu. Wakati huo M-Pesa ilikuwa imeanza Kenya tangu Machi 2007 na Tanzania tangu 2008. Kwa uamuzi huo mmoja aliondoa gharama ya duka la wakala na akapunguza hofu ya wasimamizi. Hakuna kozi ya kompyuta inayofundisha hayo.

Mwenzetu wa Dar es Salaam, Benjamin Fernandes, alianzia kwenye utangazaji wa televisheni akiwa bado kijana mdogo. Alisoma Minnesota, kisha akachukua shahada ya uzamili ya biashara Stanford. Kampuni yake, NALA, ilianza na programu ya simu iliyomwezesha Mtanzania kutumia huduma za fedha za mitandao bila intaneti, ikibonyeza kwa niaba yake zile namba za nyota na reli tunazozijua sote. Wazo lilikuwa zuri, ila faida haikukaa hapo. Mwaka 2021 kampuni ikageukia watu walioko Uingereza wanaotuma fedha Tanzania, Kenya na Uganda. Januari 2022 ikatangaza kupata dola milioni 10 za wawekezaji, na Julai 2024 dola milioni 40 nyingine. Ninachokiheshimu zaidi ni kule kugeuka. Wengi wetu tungeing'ang'ania programu ya kwanza kwa sababu ilishinda tuzo.

Kero yenyewe, gharama ya kutuma fedha nyumbani, bado ipo. Kwa hesabu za Benki ya Dunia za miaka ya karibuni, kutuma dola 200 kuja Afrika kusini mwa Sahara kumekuwa kukigharimu wastani wa karibu asilimia 8, yaani dola 16 hivi zinabaki njiani. Lengo la Umoja wa Mataifa ni gharama ishuke chini ya asilimia 3 ifikapo 2030.

Wapo waliokuwa na ufundi tayari. David Kobia, Mkenya aliyekuwa akiishi Alabama, alikuwa miongoni mwa walioijenga Ushahidi kwa siku chache Januari 2008, ramani ya kukusanya taarifa za ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya. Lakini mwito ulitoka kwa Ory Okolloh, mwanasheria. Mwenye kero na mwenye ufundi walikutana.

Uhamiaji pia hauelekei upande mmoja. Kamal Budhabhatti alikuja Kenya kutoka India kwa ajira, akaandika programu ya benki pembeni ya kazi iliyomleta, na kwa maelezo yake mwenyewe alifukuzwa nchini kwa sababu hiyo. Akarudi, akaanzisha Craft Silicon ya Nairobi, ambayo programu zake zinatumiwa na benki na taasisi za mikopo katika nchi nyingi. Mzazi mwenye mtoto nje amkumbushe hili: kibali cha kuajiriwa si kibali cha kufanya biashara. Someni masharti ya viza kabla ya kusajili kampuni. Na kwa kuwa Tanzania haijaruhusu uraia pacha, anayechukua pasipoti ya ugenini ili kampuni yake ipumue ajue anachoacha.

Nije kwetu. Ivuna si ngeni kwa wahamiaji wala kwa biashara ya masafa. Wanaakiolojia Brian Fagan na John Yellen walipochimba hapa mwaka 1966 walikuta mabaki ya utengenezaji wa chumvi wa karne nyingi: udongo wa chumvi uliochujwa kwa maji katika vyungu vyenye matundu, kisha maji yake yakachemshwa. Chumvi ile ilitoka hapa kwenda kwa majirani. Ndugu zetu Wasukuma nao walishuka bonde la Rukwa na ng'ombe wao, na leo wengi wanalima mpunga. Huko ni kubadili kazi ugenini, hata kama hakuna aliyepanda ndege.

Kisha iko Tunduma, mpakani na Zambia. Wanamwanga wako pande zote mbili za mpaka. Msiba ukitokea Nakonde, upande wa Zambia, mchango unatoka Tunduma, na kinyume chake. Shilingi na kwacha hubadilishwa kutwa, malori ya shaba yanapanga foleni, na wakala wa simu anajua saa ngapi bei ya kwacha inapanda. Kijana aliyekulia kwenye kaunta ya wakala wa Tunduma anajua kuhusu fedha zinazovuka mpaka mambo ambayo mhitimu wa Stanford angelazimika kuyalipia utafiti. Hayajaandikwa popote, na hayuko mtu wa kumuuliza isipokuwa yeye.

Kwa hiyo sikubaliani na pendekezo lililotolewa asubuhi kwamba fedha zote za mafunzo zinunue kompyuta. Kompyuta chache zinunuliwe, ndiyo. Lakini katika vikundi vya mchana naomba tuanze na karatasi. Kila kikundi kichague kero moja inayohusu fedha, mpunga, ufuta au mifugo kati ya hapa, Kamsamba na mpakani, kisha kiandike ni nani anayeilipia leo, analipa kiasi gani, na anamlipa nani. Kikundi chenye mtu aliyewahi kuwa wakala kitenganishe gharama ya kutuma na ile ya kubadilisha fedha, maana mara nyingi ya pili hufichwa ndani ya bei. Mwenye ndugu ughaibuni ampigie jioni amuulize alikatwa kiasi gani mara ya mwisho alipotuma. Kesho asubuhi tutaziweka hesabu hizo ubaoni, na walimu wa hisabati watatusaidia kuzikagua.